USC: mataji 12 ya besiboli, halafu kimya. Nini kiliwapata?

Mgeni wa Besi

Wakuu salaam. Mpwa wangu amepata nafasi University of Southern California, Los Angeles, nami nikasema ngoja niipekue hiyo shule kabla hajapanda ndege. Nilianza kutafuta habari za karo, nikajikuta kwenye besiboli, sijui hata ilikuwaje.

Kumbe wana mataji 12 ya taifa ya vyuo. Anayewafuata ni LSU ya Louisiana mwenye 8, halafu Texas 6. Lakini tazama miaka yenyewe: 11 waliyachukua kati ya 1948 na 1978, na kuanzia 1970 hadi 1974 walibeba kila mwaka bila kumwachia mtu. Baada ya 1978 wamepata moja tu, 1998. Basi.

Mchezo naujua juujuu: mrushaji, mpigaji, besi tatu na nyumbani, awamu tisa. Naomba kueleweshwa mawili. Huyu kocha Rod Dedeaux anayetajwa kila mahali alikuwa nani? Na mbona mashine ilizima namna hiyo?

Dereva Mstaafu

Mkuu, hapo umenigusa. Nimeendesha malori California miaka mingi, na redio ya besiboli ndiyo iliyokuwa inanifukuzia usingizi usiku, kwa hiyo nikirefusha utanivumilia.

Dedeaux naye alikuwa mtu wa malori, ndiyo maana nakiri kabisa kwamba nampendelea. Ligi kuu alicheza mechi 2 tu, akiwa na Brooklyn Dodgers mwaka 1935. Kazi iliyompa ulaji ni kampuni yake ya usafirishaji. Mwaka 1942 kocha wa USC, Sam Barry, alikwenda jeshi la majini, Dedeaux akashika timu. Barry aliporudi wakafundisha pamoja, na lile taji la kwanza la 1948 ni la wote wawili. Barry akafariki 1950, mwenzake akaendelea hadi 1986. Mshahara wake chuoni? Dola 1 kwa mwaka. Hapana, sijasahau sifuri. Malori yalikuwa yanamtosha.

Majina ya watu hakujisumbua nayo. Mchezaji, mwandishi, mgeni, kila mtu alikuwa "Tiger".

Ukitaka kuwajua vijana wake, achana na orodha ya mataji, kaa na mechi moja: nusu fainali ya 1973, uwanja wa Rosenblatt, Omaha, Nebraska. Wapinzani ni Minnesota, na mrushaji wao ni Dave Winfield, yule bwana mrefu ambaye mwaka huohuo alitakiwa na timu za besiboli, za mpira wa kikapu na hata za futiboli ya Kimarekani. Siku ile alikuwa hashikiki. Awamu nane zinakwisha USC hawana alama hata moja, na wapigaji 15 wamerudi kwenye benchi baada ya kupiga hewa. Minnesota 7, USC 0. Imebaki nusu awamu, zamu ya mwisho ya USC kupiga, na Minnesota wanahitaji kutoa watu watatu tu ili USC waende zao nyumbani.

Besiboli haina saa, mkuu. Hapo ndipo inapotofautiana na mpira wa miguu. Ukiongoza 7-0 huwezi kujiangusha chini na kushika goti ili dakika ziishe. Lazima umrushie mtu mpira, tena pale anapoweza kuufikia. Vijana wa Dedeaux wakaanza kugusa moja moja. Mmoja akafika besi, wa pili akafika, alama zikaanza kuingia. Winfield mkono umechoka, wakamtoa kwenye kurusha wakampeleka uwanja wa kushoto, akawa anatazama kwa mbali nyumba yake ikiungua. Alama 8 katika nusu awamu ile. Mwisho 8-7, USC wameshinda. Fainali wakaifunga Arizona State 4-3, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mashindano akapewa Winfield huyohuyo aliyetolewa. Na ilikuwa haki yake.

Swali lako la pili wengine watajibu. Mimi nikianza hapo nitagombana na watu.

Karo Kwanza

Ngoja nijibu mimi, kwa sababu jibu liko kwenye kile ulichokuwa unatafuta tangu mwanzo: karo.

Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliziruhusu timu za besiboli kugawa ufadhili sawa na wa wanafunzi 11.7. Ndiyo, nukta saba. Timu ina wachezaji zaidi ya 30, kwa hiyo kocha anakata vipande: huyu robo, yule nusu, yule pole. Sasa chukua kijana mwenye kipaji anayepewa nusu. USC ni chuo binafsi na karo yake ni kali, kwa hiyo nusu inayobaki ni mzigo wa mzazi. Akienda chuo cha serikali cha jimbo lake, karo yenyewe ni ndogo, na majimbo kama Georgia na Louisiana yana ufadhili wao kwa wanafunzi wa nyumbani ambao hauhesabiwi humo. Wewe mzazi ungempeleka wapi? Kikomo hicho kimekuja kuondolewa 2025, sasa wanahesabu idadi ya wachezaji tu, 34.

Halafu kusini waliamka. Zamani jua la California lilikuwa silaha peke yake, unafanya mazoezi mwaka mzima wakati wenzako wa kaskazini wana theluji. Kisha LSU chini ya Skip Bertman wakachukua mataji matano kati ya 1991 na 2000, watu wakajaa viwanjani, pesa ikaingia. Kuanzia 2019 hadi 2025 kila bingwa ametoka SEC, ligi ya vyuo vya kusini ambamo LSU wamo, ukiacha 2020 ambapo mashindano hayakufanyika.

Mzee Dereva, samahani, lakini mashabiki wa USC wanaosema tatizo ni makocha waliomfuata Dedeaux wanajidanganya. Hata yeye mwenyewe, miaka yake minane ya mwisho, hakuchukua taji.

Dereva Mstaafu

Nilijua tu utanigusa kidonda. Hesabu zako sipingi. Tena nakuongezea: Mark McGwire na Randy Johnson walikuwa USC kwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 80. McGwire alipiga mipira 32 juu ya ukuta msimu wa 1984. Taji? Hakuna. Tom Seaver naye alipita pale 1965, katikati ya taji la 1963 na la 1968, akaondoka mikono mitupu. Majina makubwa kuliko yote ya chuo kile ndiyo yasiyo na taji la chuo. Waliobeba ni akina Fred Lynn na Roy Smalley.

Mgeni wa Besi

Wakuu nimeelewa, asanteni sana. Kuna sehemu nimesoma George Bush mkubwa alicheza dhidi yao. Kweli au chai?

Dereva Mstaafu

Kweli kabisa. Fainali ya 1948, Kalamazoo, Michigan, USC na Yale. Bush alikuwa nahodha wa Yale, besi ya kwanza. Mechi ya kwanza USC wanaongoza 3-1, awamu ya tisa, Yale wamejaza besi zote tatu na hajatolewa mtu. Bush amesimama pembeni na gongo lake, anayefuata kupiga ni yeye. Mwenzake akapiga mpira wa chini, USC wakaudaka na kuzungusha, watu watatu wakatolewa kwa mpira mmoja. Mechi imekwisha. Bush akarudisha gongo.

Karo Kwanza

Na lile la 1998 msilipite hivihivi. USC 21, Arizona State 14, fainali ya besiboli hiyo! Kocha alikuwa Mike Gillespie, ambaye 1961 alikuwa mchezaji kwenye kikosi cha Dedeaux kilichobeba taji. Na yeye bila shaka aliitwa Tiger.