Jiko la moshi la shilingi 420,000 linalovuja hewa kila upande, na muuzaji amekataa kulipokea

Ndugu zangu, Assalaam aleykum. Naandika nikiwa na hasira, na nitaeleza sababu yake.

Kabla ya sikukuu ya Mfunguo Tatu nilinunua katika duka moja la hapa mjini jiko la makaa la kuivishia nyama kwa moshi, lenye mfuniko, bomba la kutolea moshi na kipimajoto kilichopachikwa mbele. Nilikusudia kuwaandalia wageni wangu kidari cha ng'ombe cha kilo 5, nyama ngumu ambayo hailainiki mpaka ikae kwenye joto la nyuzi 110 hadi 130 kwa saa nane au zaidi.

Niliwasha baada ya sala ya alfajiri. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, nasi Bububu tunakaa karibu na bahari, na kabla ya saa tatu makaa yalikuwa yamewaka yote kwa pamoja ingawa nilikuwa nimefunga matundu ya hewa ya chini na kubakisha upenyo mdogo tu juu. Moto wa jiko la namna hii hautawaliwi kwa kupunguza makaa, bali kwa kuunyima hewa. Mfuniko ukiacha mwanya, upepo ndio unaopika. Nyama ilitoka nyeusi kama kifuu kwa nje, na ndani kisu hakipiti.

Usiku ule niliweka taa ndani ya jiko, nikafunga mfuniko na kuzima taa za uani. Mwanga ulitoka pande zote nne, na pale kwenye bawaba niliweza kupitisha kidole changu cha mwisho. Kipimajoto nacho nilikijaribu kwenye maji yanayochemka, ambayo hapa pwani yanapaswa kuonesha nyuzi 100, kikaonesha 78. Kwa hiyo hata saa ile nilipodhani nina nyuzi 120, nilikuwa juu zaidi.

Niliporudi dukani nilijibiwa kwamba jiko likishatiwa moto halirudishwi. Jawabu hili ndilo lililoniudhi kuliko hasara yenyewe, kwa sababu kasoro ya jiko la moshi huonekana likiwashwa, na siku ya kununua niliomba kulijaribu kwa taa ya simu nikaambiwa nisiwacheleweshe wateja wengine. Kisha nikashauriwa nizibe mfuniko kwa unga uliokandwa, kama sufuria ya biriani. Biriani hufunguliwa mara moja; jiko hili linafunguliwa kila makaa yanapohitaji kuongezwa, na mlango wa makaa nao unavuja.

Wala nisiambiwe kwamba kwa bei ile bati lazima liwe jembamba na jiko livuje. Pipa la mafuta la lita 200 bati lake ni la unene wa milimita moja hivi, na watu wanalitumia vizuri kwa kazi hii kwa sababu limeundwa lisivuje, mradi lisiwe lilibeba sumu na lichomwe moto mkali kwanza mpaka rangi na masalia yote yaishe. Nilichouziwa mimi ni seredani kubwa yenye kifuniko. Tena wavu wake umepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa mafusho yanayomtia mtu homa. Kitu hicho hakikustahili kuwekwa karibu na makaa wala chakula cha watoto.

Miezi mitatu haijatimia, na kutu imeshakula miguu na bawaba.

Nawaomba walioko Chake Chake, Wete na hapa Unguja waliochongewa jiko la pipa na fundi waniambie bei waliyolipa na namna mlango wa makaa ulivyozibwa. Mimi Jumamosi nalirudisha jiko hili dukani, pamoja na risiti na picha za ule mwanga, na nitadai fedha zangu zote.