Naomba ushauri: kizunguzungu cha miezi kumi na minne ambacho vipimo havikioni

Mwalimu wa Makorora

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na habari za jioni kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga mjini, mwanamke wa miaka 43 na mama wa watoto watatu, na ninaandika kwa sababu sijui tena nibishe mlango upi.

Yalianza Ramadhani ya mwaka jana. Niliamka kupika daku, nikageuka upande wa kulia ili nishuke kitandani, na papo hapo chumba kizima kikaanza kuzunguka kama pia. Nilikamata chandarua, kikang'oka, nikakaa sakafuni nimefumba macho mpaka kukatulia. Haikufika hata dakika moja, lakini nilitapika na kutetemeka hadi adhana ya alfajiri. Siku zilizofuata ikawa inajirudia kila nilipojilaza, kila nilipogeuka usingizini, na kila nilipoinua uso kuandika juu ya ubao. Baada ya wiki kadhaa mzunguko ule ulipungua sana, nikamshukuru Mungu nikidhani nimepona. Kumbe umeniachia jambo jingine: tangu wakati huo najihisi nayumba muda wote ninapokuwa nimesimama au ninatembea, kama mtu aliyeshuka kwenye kivuko cha Pangani na ardhi bado inamchezea miguuni. Sijaanguka hata mara moja, ila hakuna siku inayopita bila kuhisi kwamba nitaanguka.

Nimehangaika sana. Kituo cha kwanza walinipima malaria, haikuwepo. Wakapima damu kwa ajili ya homa ya matumbo, wakasema ipo, nikameza dawa wiki mbili na kizunguzungu kikabaki palepale. Kituo cha pili homa ya matumbo tena, dawa tena, na cha tatu vilevile. Presha ilikuwa 118 kwa 76, sukari ya kawaida, wingi wa damu 11.8, nikapewa vidonge vya kuongeza damu. Daktari mmoja aliniambia nina mawazo mengi na nijitahidi kupumzika. Mwishowe walimu wenzangu walinichangia, nikaenda Dar es Salaam kupigwa picha ya kichwa, na majibu yakatoka safi. Nilikaa kwenye benchi nje ya jengo lile nikalia, kwa sababu nilijua swali litakalonisubiri nyumbani: kama picha ni safi, unaumwa nini?

Wifi yangu mkubwa anasema nimetupiwa kitu. Mume wangu hasemi lolote, na kimya chake kinaniumiza zaidi. Baiskeli niliyoiendesha miaka kumi na miwili kwenda shuleni imeegeshwa ukumbini. Natumia sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu, kwa miezi minane sasa, nikiacha siku mbili najiona mbaya zaidi. Kama kuna aliyepita njia hii, naomba aniambie nianzie wapi tena.

Mzee wa Chumbageni

Pole sana, mwanangu. Ukitaka kusomewa, somewa, wala usimkatae mzazi au wifi anayekuombea dua, kwani moyo nao unahitaji kushikwa mkono. Ninachokuomba ni kwamba usimfuate mtu yeyote atakayekuambia uache hospitali kwanza ndipo akutibu.

Nina jambo moja la kukuuliza. Marehemu mke wangu alikuwa na kizunguzungu cha miaka miwili, na kila alipopimwa presha akiwa amekaa kitini aliambiwa iko sawa. Mpaka muuguzi mmoja alipomlaza dakika tano, akampima, kisha akamsimamisha na kumpima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Akisimama, namba ya juu ilishuka zaidi ya 20. Dawa zake za presha zilipopunguzwa, akarudi kufagia uwanja wake mwenyewe. Je, wewe uliwahi kupimwa hivyo?

Fundi Cherehani, Ngamiani

Dada yangu, nimesoma nikajiona mimi, ingawa nadhani ugonjwa wetu si mmoja. Wangu ulikuwa wa sikio: kwanza sikio la kushoto linaziba kana kwamba nimezama baharini, linavuma, halafu mzunguko unanikamata saa mbili au tatu mfululizo, na ukiondoka unaniacha nasikia kidogo kuliko jana. Nilikuja kuambiwa ni ugonjwa wa Ménière baada ya kupimwa usikivu, na mpaka leo napunguza chumvi na kufuata dawa zangu.

Kilichonisaidia kufika huko ni daftari. Kila shambulio niliandika saa lilipoanza, saa lilipoisha, nilikuwa nafanya nini, na sikio lilikuwaje. Daktari wa masikio aliposoma kurasa nne tu alianza kuuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Wewe masikio yako yakoje?

Kijana wa Duga

Naongeza dogo. Baba yangu alichomwa sindano za streptomaisini zamani alipokuwa anatibiwa kifua kikuu, na tangu hapo gizani hawezi kutembea bila kushika ukuta. Dawa za jamii hiyo, pamoja na jentamaisini, zinaweza kuharibu mizani ya sikio la ndani, yaani sehemu inayotusaidia kusimama bila kuyumba. Mwalimu akumbuke kama aliwahi kuchomwa sindano za siku nyingi kabla ya hali hii kuanza.

Tabibu wa Pwani

Mwalimu, pole. Mimi ni afisa tabibu na nimefanya kazi mkoa huu kwa muda mrefu. Siwezi kukupima kupitia maandishi, lakini naweza kukusaidia kuingia kwa daktari ajaye ukiwa na maelezo yatakayomwongoza.

Neno kizunguzungu katika lugha yetu limebeba mizigo mingi. Mtu akiona nyumba inazunguka anasema kizunguzungu. Akisimama ghafla macho yakaingia giza, kizunguzungu. Akiyumba kama yuko chomboni, kizunguzungu. Akiwa na njaa kichwa kikawa chepesi, kizunguzungu tena. Asubuhi yenye wagonjwa sitini nje ya mlango, mhudumu anasikia neno moja, anaandika neno moja, na anatibu kile kinachopatikana kwa kipimo kilichopo mezani. Nasema hivi kwa uchungu, maana nami nimefanya hivyo. Kipimo cha Widal kikionyesha alama mara moja tu kwa mtu asiye na homa, hakithibitishi homa ya matumbo, kwa kuwa alama hizo hubaki mwilini muda mrefu na magonjwa mengine nayo huzileta. Na wingi wa damu wa 11.8 uko chini ya 12 kwa kiasi kidogo mno. Utibiwe, lakini hautoshi kueleza hali yako.

Naomba unijibu kwa utaratibu. Ule mzunguko wa kitandani bado upo, hata kidogo? Kuyumba kunaisha ukilala? Ukiwa ndani ya daladala au bajaji unapata nafuu au kunazidi? Sehemu zenye watu wengi na vitu vingi vya kutazama zinakufanyaje? Una historia ya kipandauso, yaani kichwa kugonga upande mmoja na kuchukia mwanga?

Kabla ya yote hayo, wewe na kila anayesoma hapa: kizunguzungu kinachokuja pamoja na udhaifu wa upande mmoja wa mwili, mdomo kupinda, maneno kukwama, kuona viwili viwili, maumivu makali ya ghafla ya kichwa, maumivu ya kifua, kuzimia, au sikio kuacha kusikia ghafla, hakingoji ushauri wa mtu. Nenda hospitali saa hiyohiyo.

Mwalimu wa Makorora

Shikamoo Mzee, na nawashukuru nyote. Nimepimwa presha leo kwa jirani yangu muuguzi kama mlivyoelekeza: nikiwa nimelala 120 kwa 78, nikisimama 116 kwa 78. Masikio yangu yanasikia vizuri, hayazibi wala hayavumi, na sijawahi kuchomwa sindano za siku nyingi.

Tabibu, mzunguko bado upo nikilalia upande wa kulia, ila ni wa sekunde chache, na nimezoea kulala kushoto kiasi kwamba nilisahau kuutaja kwa daktari yeyote. Kuyumba kunakaribia kuisha nikilala. Daladala inanizidishia, na nilipopita Muheza kwa basi nikitazama safu za mkonge zinavyokwenda nyuma, ilibidi nifumbe macho hadi Segera. Soko la Mgandini siliwezi tena. Mahali pabaya kuliko pote ni maduka ya vitambaa, doti za kanga zikiwa zimening'inia kila upande na watu wanapishana. Nilikuwa naona haya kusema hili, maana nani atamwamini mtu anayeugua kwa kutazama kanga? Kipandauso sina.

Tabibu wa Pwani

Mimi nakuamini, na daktari anayeijua kazi ya mizani atakuamini, kwa sababu hilo la kanga na mkonge ni dalili inayofahamika.

Naona mambo mawili yaliyofuatana, na ndiyo sababu picha ikatoka safi. La kwanza ni lile la kitandani. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo za chokaa zinazotusaidia kuhisi mwelekeo. Zikitoka mahali pake na kuingia katika mojawapo ya mifereji mitatu ya mizani, kila unapogeuza kichwa zinasukuma maji ya humo na ubongo unaambiwa kuwa dunia inazunguka. Daktari hulitambua kwa kukukalisha, kugeuza kichwa chako upande mmoja nusu ya njia ya bega, kukulaza kwa haraka kichwa kikining'inia kidogo, na kutazama macho yako yanavyochezacheza. Hakuna mashine inayohitajika, ni kitanda tu. Tiba yake ni kukugeuza kwa hatua ili chembe zirudi zilikotoka, zoezi ambalo Epley, daktari wa Marekani, alilichapisha mwaka 1992, na wengi hupata nafuu kwa mara moja au chache.

La pili ni huku kuyumba. Tukio la kwanza likishaondoka au kupungua, ubongo wa baadhi ya watu hubaki katika hali ya tahadhari: unakaza miguu, unategemea macho kupita kiasi, na kila kinachopita mbele ya macho unakisoma kama mwili unasogea. Likidumu miezi mitatu au zaidi, likazidi mtu anaposimama, anaposogea, au anapotazama vitu vingi, linakuwa ugonjwa wenye jina lake, PPPD kwa kifupi cha Kiingereza, na vigezo vyake, ambavyo Jumuiya ya Bárány, chama cha kimataifa cha wataalamu wa mizani, ilivichapisha mwaka 2017. Wengi wetu tulimaliza chuo kabla ya hapo. Hofu huuchochea ugonjwa huo, lakini aliyekuambia ni mawazo tu alikosea, kwa sababu utendaji wa mfumo wa mizani wenyewe ndio uliobadilika.

Kuhusu sinarizini, usiiache kwa kauli yangu, ila iulizie mapema. Dawa zinazotuliza mizani zinafaa siku chache za mwanzo. Zikitumiwa miezi, zinauzuia ubongo kujizoesha upya, na sinarizini ikikaa sana mwilini inaweza kuleta mtetemeko na ukakamavu wa viungo.

Anzia hospitali ya Bombo hapo Tanga, uliza siku ya kliniki ya masikio, pua na koo, na ukiona huduma haitoshi omba barua ya rufaa. KCMC Moshi ndiyo hospitali ya kanda yetu, na Muhimbili nayo ipo. Ukiingia, usitaje neno kizunguzungu mwanzoni. Sema: nikilalia kulia chumba kinazunguka sekunde chache, na nikisimama nayumba siku nzima.

Mwalimu wa Makorora (baada ya wiki saba)

Nimerudi kuwapa majibu, kwa kuwa nina deni kwenu.

Nilipata rufaa nikaenda Moshi, macho yamefumbwa kutoka Muheza hadi Mombo. Daktari alisoma daftari langu, Fundi, ukurasa kwa ukurasa. Aliponilaza upande wa kulia kichwa kikining'inia, chumba kilizunguka vilevile kama usiku ule wa daku, nikapiga kelele, na yeye akaniambia kwa sauti ya utulivu: "Nimeyaona macho yako, mama. Kipo." Sijui kama alielewa kwa nini nililia. Alinigeuza hatua kwa hatua, akanikalisha, na kesho yake aliporudia kipimo hapakuwa na mzunguko. Mume wangu alikuwa amesimama pembeni ameshika mkoba wangu, na yeye pia aliyaona macho yanavyocheza. Safari ya kurudi alizungumza njia nzima.

Kuyumba kumebaki, na nimepewa jina lake. Sinarizini napunguziwa taratibu. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kukazia macho herufi moja kwenye kadi huku nikitikisa kichwa, kusimama miguu imeungana karibu na ukuta nimefumba macho, na kwenda kidogo kidogo mahali ninapopaogopa badala ya kupakimbia. Juzi nilisimama mbele ya doti za kanga dakika nne. Wiki ya kwanza nilishindwa hata dakika moja. Baiskeli bado iko ukumbini.

Daktari amependekeza pia dozi ndogo ya dawa ambayo kwa kawaida hupewa watu wenye sonona, na amenieleza kuwa hapa inatumika kutuliza ule mfumo wa tahadhari. Mwanzoni neno hilo lilinichoma, nikamwomba mwezi mmoja wa kufikiri. Aliyewahi kuimeza kwa ajili ya kuyumba huku, naomba aniambie wiki zake za kwanza zilikuwaje, na ilimchukua muda gani kabla ya kuona tofauti.