MREJESHO: Usajili wa ardhi ya jamii yetu ya wafugaji, Samburu

Niliuliza kwa nini msajili alirudisha karatasi zetu. Asanteni sana, hasa mliosema tukague orodha ya wanajamii kwanza. Kasoro ilikuwa hapo: wake walioolewa kutoka nje hawakuandikwa, ilhali Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawahesabu kuwa wanajamii.

Tuliirekebisha, tukaitisha mkutano upya. Watu wazima wakatimia theluthi mbili, wakachagua kamati ya 11 (sheria yataka 7 hadi 15). Orodha, kumbukumbu za mkutano na kanuni zetu vikapelekwa pamoja. Jamii imesajiliwa!

Hatimiliki bado. Upimaji umekwama upande wa mtoni, majirani wanadai malisho ya kiangazi. Mlituonya tukubaliane nao mipaka mapema, tukachelewa. Wazee wa pande zote mbili sasa wanaitembea pamoja.