Naomba ushauri: piano kwenye misa ya ndoa

Wapendwa, misa ni Jumamosi saa 8 mchana. Piano ya kanisa imeshuka karibu nusu toni, kwaya ikiimba nayo inagombana na kinanda. Kuituni siku moja kabla haisaidii; nyuzi zilizolegea hivyo hushuka tena. Tumeamua kukodi ya umeme, funguo 88, pedali yake, na boksi la DI (kifaa kidogo kinachoandaa sauti ya ala ipite kwenye waya mrefu bila kelele) hadi kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, maana waya mrefu bila boksi hilo huleta muungurumo. Betri ya akiba pia.

Kinachotusumbua ni maandamano: bibi harusi akifika altareni katikati ya ubeti, mpigaji akate wapi? Wakati wa kusaini vyeti, nani ampe ishara? Na ruhusa ya kutumia piano ya kukodi kanisani, tuanze kwa paroko au mwalimu wa kwaya?