Wauza sabufa mnatuonea: hamtaki mteja alinganishe mziki kwa haki

Wakuu, hili la sabufa za Kariakoo limenichosha na leo nalisema. Mtu unakwenda na hela yako uchague kati ya mashine mbili, unatoka umechaguliwa na muuzaji.

Tuanze na boksi. Limeandikwa wati 12,000 PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, kwa herufi kubwa kuliko jina la bidhaa yenyewe. Igeuze mashine, pale waya wa umeme unapoingilia kuna kibandiko kidogo: 220-240V, 50Hz, 65W. Hiyo 65 ndiyo inayokula luku yako. Fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu mwisho wake ni ampia 13, zidisha kwa volti 230, hufiki hata wati 3,000. Sasa hizo 12,000 zinatoka wapi? Hata ukisema kapasita za ndani zinaweka akiba kwa ajili ya mapigo ya ghafla, haziwezi kufika huko. PMPO haina kanuni moja ya upimaji, kila kiwanda kinajiandikia. Ukiweka boksi la 12,000 pembeni ya la 8,000, hujalinganisha chochote.

Na hata wati za RMS, yaani nguvu ya mfululizo, ambazo angalau zina maana, lazima uambiwe zimepimwa kwa mkwaruzo (sauti kuharibika) kiasi gani. Mwenye kupima mkwaruzo ukiwa asilimia 10 atapata namba kubwa kuliko aliyeishia asilimia 1, mashine ni ileile. Halafu wati 100 dhidi ya 50 ni tofauti ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu. Ili sikio lisikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Tena kuna usikivu, yaani sauti ambayo spika inatoa kwa wati moja ukiwa mita moja: spika yenye usikivu wa desibeli 88 ikilishwa wati 50 inakwenda sawa na ya 85 inayolishwa 100. Ni boksi gani limewahi kukuandikia usikivu? Marekani walichoka na wati za uongo kwenye amplifaya za nyumbani, wakaweka kanuni mwaka 1974, na 2024 wakaikaza zaidi. Huku tunasomeshwa boksi.

Lakini kinachonipandisha hasira zaidi ni majaribio ya dukani. Dogo wa duka anashika rimoti yeye. Ile anayotaka iondoke anaipigia singeli, besi imefika mwisho, sabufa imesukumwa kwenye kona ambako ukuta wenyewe unaongeza besi. Nyingine anaiunganisha kwa bluetooth, wimbo mwingine wa taratibu, sauti iko chini, ipo juu ya kaunta katikati ya makelele ya mtaa. Kisha anakuuliza, "Umeona tofauti?"

Tofauti ipi? Sikio la binadamu likisikia sauti iliyozidi kidogo tu, hata desibeli moja au mbili, linaiona ndiyo nzuri. Watafiti wa sauti wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, besi ndiyo inayopotea kwanza masikioni. Kwa hiyo mashine iliyopigwa chini imeshahukumiwa kwamba haina besi kabla haijaanza. Wauzaji wanalijua hili vizuri sana.

Mimi niliomba kitu kidogo: flashi yangu, wimbo uleule, mashine zote mahali pamoja, besi zote katikati, na nipime sauti kwa simu hadi zilingane. Nikajibiwa, "Kaka, unanunua au umekuja kufanya utafiti?" Na mawinga, wale madalali wa kuvuta wateja, pembeni wanacheka. Laki tatu na nusu ni mshahara wa mtu, halafu kuisikiliza vizuri kwa dakika kumi ni usumbufu!

Msiniambie niangalie video mtandaoni. Pale unasikia maikrofoni ya aliyerekodi na spika ya simu yako, sabufa yenyewe huisikii.

Na nyumbani huwezi kujaribu, maana risiti ina muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Basi kama hairudishwi, dukani ndipo pekee pa kulinganisha, na hapo ndipo mnapotuzuia.

Wadau, mwenye kulijua duka Dar linaloruhusu mteja ashike rimoti mwenyewe na apige flashi yake, aliweke hapa. Hata kama bei imezidi kidogo, hela yangu itakwenda huko.