Naomba ushauri: vumbi la jasi haliishi ndani ya nyumba

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa mwenye uzoefu.

Wiki mbili zilizopita mafundi walimaliza kupiga msasa kuta na dari za jasi, na marumaru walizikatia humo humo ndani. Tangu hapo vumbi haliishi. Jioni nafuta meza inang'aa, asubuhi nikipitisha kidole kinatoka cheupe kama nimeshika unga. Lipo kwenye mapazia, juu ya mapanga ya feni, hadi ndani ya makabati yaliyokuwa yamefungwa.

Nilianza kwa kufagia, nikajuta, maana lilipanda lote hewani kisha likatua upya. Nimepiga deki mara nne. Sakafu ikikauka inabaki na utando mweupe. Mashine yangu ya kufyonza vumbi nayo inalitoa kwa nyuma, na kichujio kiliziba ndani ya dakika chache. Nimeizima, kwa sababu vumbi la kukata marumaru lina silika (madini yanayodhuru mapafu), si la kuvuta hovyo, na mwanangu ana pumu. Kwa sasa analala kwa bibi yake, na nyumba imepooza bila yeye.

Maswali yangu ni mawili. Ule utando unatolewa na nini bila kuharibu sakafu? Nimeambiwa siki, ila naogopa itakula saruji ya kwenye maungio. Na je, kichujio cha HEPA (kile cha kunasa vumbi laini sana) kwenye mashine ndogo ya nyumbani kinatosha, au lazima nikodi ile kubwa ya mafundi?

Natanguliza shukrani.