Mgonjwa amelazwa na SHA haijalipwa: tuanzie wapi hapa Mombasa?

katibu_wa_chama

Assalam aleikum, na habari zenu nyote. Naandika kwa niaba ya chama cha wauza mboga na viazi, Kongowea. Tuko 34, wengi ni kina mama. Wote wamesajiliwa SHA, yaani bima ya afya ya taifa, ila waliolipa mchango wa mwaka ni 9 tu. Mwenzetu mmoja kati ya wasiolipa amelazwa hospitali ya umma tangu Jumatatu. Sukari ilipanda na kidole cha mguu kimeanza kuoza.

Nauliza: tufanye nini sasa, yeye akiwa bado wodini? Kitu gani ni bure kwa asiyelipa? Na hawa wengine 24 wajipange vipi? Naomba anijibu anayejua, sio wa kukisia. Pesa za mchango tumeanza kukusanya lakini hatutaki zipotelee pasipofaa.

ustawi_pwani

Wa aleikum salaam, katibu. Leo hii, kabla ya mchango wowote, mtu wa familia yake aende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali hiyo hiyo. Kila hospitali kubwa ya umma inayo. Watu wengi huisikia ofisi hii siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa imeshafika mezani, na hapo ndipo wanapoumia. Ombi la kusamehewa bili lazima lichunguzwe, kisha lipelekwe kwa kamati au kwa mkubwa wa hospitali lipate saini. Likianza siku ya kutoka, mgonjwa atakaa kitandani siku mbili tatu akingoja saini, na kitanda kinaendelea kuhesabiwa.

Abebe kitambulisho cha mgonjwa, cha mume kama yupo, na barua ya chifu. Hiyo barua muiangalie vizuri. Ikisema tu kwamba "mwenye barua hii hajiwezi" haimsaidii afisa kuamua. Muombeni chifu ataje kazi anayofanya, kwa siku hupata kama kiasi gani, kodi ya chumba, watoto wangapi wanamtegemea na wangapi wako shule. Mzee wa mtaa ndiye anayemjua, basi aende naye kwa chifu. Safari moja itatosha.

Afisa atauliza pia nani anaweza kusaidia. Msifiche mchango wa chama. Semeni mna kiasi gani, kisha muombe kilichobaki kisamehewe. Majibu huwa ya namna tatu: kusamehewa yote, kusamehewa sehemu, au kulipa kwa awamu. Mkipewa awamu, andikisheni kiasi mnachokiweza kweli kwa mwezi, na msiondoke bila nakala yenye saini na muhuri.

Jambo jingine, kila baada ya siku mbili ombeni bili yenye mchanganuo. Tazameni dawa mliyonunua nje isije ikaandikwa tena kama ya hospitali. Na mgonjwa akihamishwa wodi, ile siku ya kuhama isihesabiwe mara mbili, huku na huku. Makosa haya hurekebishwa kwa urahisi mgonjwa akiwa ndani. Akishatoka, faili inakwenda kabatini na hakuna atakayelifungua kwa haraka.

dawati_la_bima

Naongezea upande wa SHA. Kusajiliwa si kulipa. Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, ziko pochi tatu, na lazima mzitenganishe. Mfuko wa afya ya msingi hugharamiwa na serikali na unahudumia zahanati na vituo vya afya, daraja la 2 na la 3. Ule unatosha mtu kusajiliwa. Mfuko wa bima ya afya ya jamii ndio unaolipia kulazwa, upasuaji na kujifungua, nao unataka mchango uwe umelipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, ambao huingia pale kiwango cha bima kinapokwisha.

Mgonjwa wenu yuko kwenye pochi ya pili. Msitume pesa kwanza mkauliza baadaye. Nendeni dawati la SHA hapo hospitalini na namba ya kitambulisho chake, muulize maneno haya: "Tukilipa mwaka mzima leo, mtamfungulia kuanzia siku gani?" Zile siku zilizopita zaweza kubaki juu yake. Kama bado ana siku nyingi wodini, au atafanyiwa upasuaji wa kidole, kulipa leo kuna faida kubwa. Kwa viwango vilivyotangazwa, mfuko huilipa hospitali ya daraja la 4 shilingi 3,360 kwa siku ya kulazwa, na daraja la 5 shilingi 3,920. Lakini kama anatoka kesho, bora pesa hiyo iende kwenye bili na mazungumzo yawe na ofisi ya ustawi.

Kiasi cha mchango wake kinapatikana kwa kupiga *147# kwenye simu. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa nyumba yake kwa maswali, kisha hutozwa asilimia 2.75 ya mapato yanayokadiriwa, isipungue 300 kwa mwezi, na hulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hiyo chini kabisa ni 3,600. Nyumba iliyokadiriwa 15,000 kwa mwezi hutoa 412.50, yaani 4,950 kwa mwaka. Anayekadiriwa chini ya takriban 10,900 huangukia kwenye ile 300.

Hapo kwenye maswali ndipo wengi wanapojiumiza. Mfumo unauliza paa, ukuta, sakafu, maji, choo, unapikia nini, mko wangapi. Mpangaji wa chumba kimoja Kisauni akijibu kwa kulitazama jengo la mwenye nyumba, ghorofa la mawe lenye vigae, atakadiriwa kama tajiri. Jibu kuhusu chumba unachoishi na choo mnachoshirikiana. Idadi ya watu iwe kamili, pamoja na bibi mnayekaa naye. Kama ameshajaza vibaya na kiasi kimetoka kikubwa, aende ofisi ya SHA au Huduma Centre aombe kupimwa upya. Asijaribu kujisajili mara ya pili, maana namba ya kitambulisho ni moja na itakataliwa.

Malipo yapite kwenye *147# yenyewe, au paybill 200222 na namba ya kitambulisho cha mchangiaji kama akaunti. Msimtumie mtu pesa kwenye laini yake kwa ahadi ya "kukuharakishia".

boda_likoni

Mimi naona hao 24 wakae na pesa zao. Dawa hospitalini hakuna, unaandikiwa ukanunue nje. Ya nini kulipa 4,950?

dawati_la_bima

Ndugu yangu, dawa kukosekana ni kweli na inaudhi, na watu wana haki ya kulalamika. Lakini hesabu isikupotee. Kwa kiwango cha SHA, kujifungua kwa upasuaji ni 30,000, na kusafishwa damu kwa mwenye figo ni 10,650 kwa mara moja, mara mbili kwa wiki. Hakuna chama cha mboga kitakachochanga hivyo mwezi hadi mwezi. Anayekwama ni yule asubiriye augue ndipo alipe, kwa sababu siku hiyo 4,950 inagombaniwa na nauli, vipimo na chakula cha watoto.

Wasioweza mkupuo wana Lipa SHA Pole Pole: wanakopeshwa mchango wa mwaka na kuurudisha kidogo kidogo. Na chama chaweza kuwa ndicho kibubu chenyewe. Shilingi 100 kwa wiki kwa kila mtu ni 5,200 kwa mwaka. Kila mwezi mnawamalizia wawili au watatu kwa zamu, mkianza na wajawazito, wenye sukari na wenye presha.

mfamasia_makupa

Kuhusu cha bure. Zahanati na vituo vya afya vya serikali havitozi ada ya kumwona daktari tangu 2013. Chanjo za watoto, uzazi wa mpango, dawa za ukimwi na za kifua kikuu hutolewa bure hata kwa asiye na SHA kabisa. Kikohozi cha wiki mbili, nenda ukapimwe makohozi, usinunue dawa ya kikohozi dukani. Wahamasishaji wa afya ya jamii mtaani walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Muiteni mmoja aje sokoni asubuhi moja awapime nyote 34. Sukari ikijulikana mapema haifiki kwenye kidole.

Shida ni dawa kuisha. Mkiambiwa hamna, muombeni mhudumu aandike jina la dawa yenyewe, sio la kampuni. Metfomini (ya sukari) ya miligramu 500 au amlodipini (ya presha) ya 5 ya jina la kawaida hufanya kazi ile ile, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile yenye jina kubwa. Ulizeni bei maduka matatu. Nunueni za mwezi, sio vidonge vitano vitano, maana anayenunua vitano huruka siku, na sukari hupanda katika zile siku alizoruka.

Huyu mgonjwa akirudi nyumbani na insulini na hana friji, joto la Mombasa litaiharibu. Chupa aitie ndani ya kopo lenye kifuniko kizuri, kisha kopo likae kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Isiguse maji, isiguse barafu. Ikishafunguliwa isizidi siku 28, kwa hiyo aandike tarehe ubavuni kwa kalamu. Ile iliyo angavu kama maji, ikiwa na ukungu au vipande, aitupe. Na bomba la sindano liwe la alama 100 (U-100) kama chupa inavyosema. Akitumia la alama 40 atajidunga zaidi ya mara mbili ya kipimo chake, na sukari kushuka ghafla huua haraka kuliko kupanda.

haki_kwanza

Mambo mawili ya sheria. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Amana isitangulie kumtuliza mgonjwa aliyezimia au anayevuja damu. Anayekataliwa mlangoni aulize jina na cheo cha aliyemkataza, aandike saa, na amwambie: "Naomba uniandikie kwamba mmemkataa." Mara nyingi mlango hufunguka papo hapo.

La pili, hospitali haina ruhusa ya kumfungia mgonjwa aliyekwisha ruhusiwa kwa sababu ya deni. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 2015 katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa Pumwani baada ya kujifungua. Deni linabaki kuwa deni na linadaiwa kama madeni mengine. Akizuiliwa, andikeni barua kwa mkuu wa hospitali, nakala kwa idara ya afya ya kaunti, na mbaki na moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikishindikana, hapa Mombasa kuna mashirika ya kutetea haki: MUHURI, HAKI Africa na Kituo cha Sheria.

katibu_wa_chama

Shukran sana. Mumewe ameenda ofisi ya ustawi, na mzee wa mtaa yuko njiani kwa chifu. Nimesahau jambo: wawili wetu wana mimba ya miezi saba. Kliniki wanahudhuria bure kituo cha afya. Na kujifungua je?

dawati_la_bima

Hao ndio waanze, wiki hii. Kliniki ya mimba iko kwenye afya ya msingi, lakini kujifungua hulipwa na mfuko wa bima: 10,000 kwa njia ya kawaida, 30,000 kwa upasuaji. Wengi bado wanadhani mambo ni kama ya Linda Mama, ule mpango wa zamani wa kujifungua bure, wanafika na uchungu ndipo wanaambiwa hawajalipa. Wakilipa, wahakikishe *147# inaonyesha wamelipiwa, na kama mume ndiye mchangiaji, jina la mke lionekane chini yake. Kisha wapitie hospitali watakayojifungulia, dawati la SHA liangalie kama alama za vidole zinasoma. Mikono ya kumenya viazi huwa imechubuka, mashine huikataa, na hilo ni bora ligunduliwe sasa kuliko usiku wa uchungu.